Kihamba Changu ni Kiwanda

Moshi, 11 Februari 2024

Mdogo wangu Praygod,

Salamu nyingi kutoka kwetu Moshi. Sisi hatujambo, ila joto la Februari unalijua, hata kuku wa Violet wanashinda chini ya karo wakitafuta unyevu. Violet anawasalimu wewe na Gladys, na anauliza kama mtoto ameacha kukohoa. Mama huko Machame ni mzima. Goti linamsumbua, lakini mdomo haumsumbui. Jumapili iliyopita alimsimamisha mzee wa kanisa njiani akamwuliza kwa nini siku hizi ibada ya kwanza inaisha kabla chai haijapoa. Ng'ombe amezaa ndama jike, ana doa jeupe puani.

Najua utacheka kupata barua mwaka huu, wakati walimu wenzako wanatumiana kila kitu kwenye simu. Cheka. Krismasi ulinipigia ukaongea dakika kumi, mimi nikawa naitikia tu "ndiyo, ndiyo", na mpaka leo sijui niliitikia nini. Miaka thelathini na moja kando ya mashine za kukoboa kahawa imeondoka na masikio yangu, na meseji haina nafasi ya mtu kusalimia. Barua naisikia vizuri.

Kiwandani wapo. Meneja mpya ni kijana, ana adabu, anatuita sote "familia". Habari nyingine za huko tutaongea siku nyingine.

Nina ombi dogo. Kile kipande cha chini ya mfongo, kinachoanzia pale mfereji unapopita na kushuka mpaka korongoni, kina majani matupu tangu Baba afariki. Najua ni chako. Baba alipogawa kihamba, shamba letu la ukoo, mwaka 1993 nilikuwa nimekaa pale pale. Jackson mkubwa wetu akapewa juu. Wewe kitindamimba, una miaka kumi na kamasi puani, ukapewa nyumba na chini yote. Mimi wa katikati nikaambiwa, "Eliakim, kihamba chako ni kiwanda." Ndivyo ilivyo kwetu, wa katikati anajitafutia, na mimi nilikuwa nimeshatafutiwa. Sikunung'unika siku ile na sinung'uniki leo. Naomba tu nipande maharage masika haya. Maharage, si kitu kingine. Nikivuna naondoka.

Haitakuwa taabu, maana Jumanne na Alhamisi huwa napanda kwa Mama kumkatia ng'ombe majani.

Nijibu kabla mvua hazijaanza.

Kaka yako,
Eliakim Nkya


Sumbawanga, 9 Machi 2024

Kaka Eliakim, shikamoo. Na shemeji Violet, shikamoo yake aipate.

Barua yako ilikaa wiki mbili ndani ya sanduku la shule kwa sababu mwenye ufunguo alikwenda msibani na ufunguo mfukoni. Sisi wazima. Mtoto ameacha kukohoa, Gladys anasema ni dawa, mimi nasema ni uji wa ulezi, na nyumba imegawanyika. Mwambie Mama ndama aitwe Sumba, ili akimwita anikumbuke.

Umenikumbusha mwaka ule. Unajua kitu ninachokikumbuka? Yule meneja wa zamani alivyokuja nyumbani na pikapu nyeupe. Baba akamkaribisha maziwa ya mgando, na mimi ndiye niliyeshika kata. Akasema, "Mzee, kijana huyu tukimchukua atatoka kwetu siku ya kustaafu, na atatokea mlango wa mbele." Baba akatikisa kichwa mara nyingi. Mpaka leo nikifundisha habari za ajira darasani nakutolea mfano wewe. Nawaambia nina kaka aliyekaa mahali pamoja tangu kabla hawajazaliwa. Wanadhani natunga.

Sasa na wewe niambie. Jumanne na Alhamisi? Kiwanda siku hizi kinafunga katikati ya wiki, au umekuwa mkurugenzi hatujaambiwa?

Kuhusu kile kipande, subiri kwanza, kaka. Mimi na Gladys tumekuwa na mawazo ya parachichi. Kila mtu huko Hai anapanda parachichi, na pale chini maji yapo karibu. Sijaamua. Si kwamba nakunyima, nakuomba usubiri.

Msalimie Mama. Mwambie goti alikande na maji ya chumvi.

Mdogo wako,
Praygod


Moshi, 21 Aprili 2024

Mdogo wangu,

Sisi hatujambo. Mvua zimekuja kwa fujo, njia ya kwa Mama imekatika mahali pawili na gari haifiki juu, natembea kutoka barabarani. Mama mzima. Ndama amekataa jina la Sumba, ameitwa Baraka kama ng'ombe wote. Violet anakusalimu.

Uliniuliza habari za Jumanne. Nilikuwa likizo. Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na moja ana likizo nyingi zimelala, akiamua kuzilala zote kwa mpigo hahitaji kumwandikia mdogo wake maelezo.

Kiwandani walitufanyia sherehe ndogo na soda. Nimepewa cheti, na saa ya ukutani yenye jina la kampuni. Ni saa nzuri. Ipo sebuleni, mshale wake wa sekunde unaruka kila ukifika kwenye nne, na mimi nimeshaifungua mara tatu sijapata ugonjwa wake.

Nikwambie kitu utacheka. Nikiwa nyumbani mchana mikono haitulii. Masikio yalishazoea kukosa, lakini kiganja hakijazoea. Kazi yangu nimeifanya kwa kiganja, wewe hujui. Masikio yalipoanza kwenda niligundua kwamba nikiweka mkono ubavuni mwa mashine najua beringi ipi inachoka, siku mbili kabla haijalia. Wale wenye masikio walikuwa wanakuja kuniuliza. Sasa Violet amenikuta mara mbili nimeweka kiganja kwenye friji. Akaniuliza kama linaumwa.

Habari ya kipande cha chini usiniandikie tena. Nimeelewa. Pandeni parachichi.

Eliakim


Sumbawanga, 12 Mei 2024

Kaka,

Mama alipokea simu jana, akaongea kwa furaha kubwa. Anasema, "Eliakim amepanda migomba chini ya mfongo. Mchare mtupu. Mashimo yake utadhani ni Baba yenu amerudi." Nikamwuliza mingapi. Alikuwa ameihesabu. Thelathini na miwili.

Uliniomba maharage. Nikakuomba usubiri. Ukaniandikia umeelewa, pandeni parachichi. Na siku unaandika hayo, kwa hesabu ya Mama, ishirini ilikuwa tayari imo ardhini.

Usinifanye mtoto. Unajua kama ninavyojua kwamba maharage hata jirani anaweza kupanda kwa mwenzake, akavuna, akashukuru, mambo yakaisha. Mgomba hauondoki. Anayepanda mgomba amesema shamba ni lake, hata kama hajafungua mdomo. Mtu baki angefanya hivyo ningemwita mwizi na ningekwenda kwa balozi wa nyumba kumi. Wewe nikuite nani?

Jackson ana juu. Wewe una kiwanda chako, na nyumba ya kampuni unakaa bure. Mimi nina hicho tu. Naomba uing'oe kabla haijashika.

Na nakuuliza tena, na safari hii sitanii. Siku gani ya wiki wewe huwa kazini?

Praygod

Naona nimeandika barua nzima bila kukuamkia. Shikamoo.


Moshi, 23 Mei 2024

Marahaba.

Violet hajambo, Mama hajambo, ng'ombe hajambo. Salamu zimetosha, sasa nisikilize.

Siku ya wiki ninayokuwa kazini hakuna. Tarehe kumi na tano Januari tuliitwa kantini, wafanyakazi wa kudumu wote, arobaini na mmoja. Tulidhani ni habari za bima. Kijana yule akasema familia inabadilika. Akasema ajira ya kudumu haipo tena, kuna watu wa msimu, na sisi tukitaka tutakaribishwa msimu kwa msimu kama vibarua wa kuchambua. Mimi nilisoma yote kwenye karatasi baadaye, pale nilikuwa naangalia tu sura za wenzangu zikibadilika. Primus wa stoo, unayemjua, alicheka. Alicheka kweli kweli, akashindwa kunyamaza, wakamtoa nje. Barua tulipewa kwa kufuata herufi. Nilikaa mpaka N nikiona wenye A na K wanavyotoka.

Na yule meneja wa pikapu alisema mlango wa mbele. Siku ile mbele kulikuwa na wageni wanunuzi wanapigwa picha, basi sisi tukatolewa kwa geti la malori. Nilisimama nje na saa yao kwapani.

Nimebakiza miaka minne kufika sitini.

Mama hajui. Wewe hukujua. Violet peke yake ndiye anajua. Mpaka mwezi wa nne nilikuwa naamka saa kumi na moja alfajiri, navaa ovaroli, Violet ananifungia kiburu cha ndizi na maharage kwenye kibakuli, naondoka. Siku nisizokwenda Machame nilikuwa nakaa stesheni ya reli pamoja na wasafiri. Treni ikifika nao wanapanda, mimi nabaki nasubiri nyingine. Majirani wa kota wote walikuwa wanafanya kama mimi, kila mmoja akimdanganya mwenzake aliyefukuzwa naye siku moja. Unaona ujinga wetu?

Nyumba hii unayosema nakaa bure natakiwa kuiacha tarehe thelathini Juni.

Sasa migomba. Nilipanda siku ile na maharage mfukoni, naapa, nikiwa bado nasubiri jibu lako, nikajiambia nichimbe tu mistari. Mama alikuwa amepunguza machipukizi kwenye migomba ya uani na ameyatupa pale pale chini ya mfongo, mazuri, ya mchare. Nikasema nichimbe shimo moja yasikauke. Unakumbuka kipimo cha Baba, mkono mzima uingie mpaka begani. Nikaingiza mkono, udongo ukanishika mpaka huku juu, na kiganja kikatulia. Ni mara ya kwanza tangu Januari. Nikachimba la pili. Barua yako ya kusema nisubiri ilipofika mashimo yalikuwa sita, na sikuacha. Nilijua ninachofanya, kwa hiyo usinitafutie udhuru.

Wewe umeuliza uniite nani. Mimi nina swali la kwangu. Mfanyakazi wa kudumu anazikwa wapi? Jackson atalala juu kwake, wewe utalala kando ya Baba. Mimi nikifa kesho mtaanza kuulizana, na mimi nimelala ndani ya sanduku nasubiri mmalize. Nina hofu, Praygod. Neno hilo nimeliandika mara moja, sitalirudia.

Ukitaka ing'olewe, sema tena. Nitaing'oa mwenyewe. Usimtume mtu.

Eliakim


Sumbawanga, 20 Juni 2024

Kaka Eliakim, shikamoo.

Mtoto hajambo. Gladys hajambo lakini haongei na mimi, na sababu yake ni hii barua. Nimeiandika mara tatu nikaichana. Ya nne nimemsomea yeye kwanza, akasema nisipoiposti ataiposti mwenyewe na kuongezea yake.

Wiki ile kabla Baba hajafa, mwaka 2015, wewe ulikuwa zamu ya msimu, ukashindwa kuja mpaka Jumamosi. Mimi nilikuwa namnywesha mtori kwa kijiko. Akaniambia, "Kiwanda kikimchoka Eliakim, mpe pale chini ya mfongo." Nikamwuliza kwa nini asikwambie mwenyewe. Akasema, "Nikimwambia atajua sikuwaamini wale watu wa kiwanda. Ataifanya kazi kwa nusu moyo. Mwache, ila usisahau."

Sikusahau. Miaka tisa sikusahau hata siku moja, nikienda likizo nilikuwa nasimama pale chini nikitamani kiwanda chako kidumu, na sikuwa natamani kwa ajili yako.

Mwezi wa pili ulipoandika Jumanne na Alhamisi, nilijua. Nilijua kabla sijamaliza ukurasa. Ndiyo maana nilikutania, ili usiniambie. Mpaka siku ile nilikuwa namtii Baba. Kuanzia siku ile nilikuwa naiba, na nikakuandikia wewe habari za mwizi.

Kipande ni chako. Si maharage, ni chako, kuanzia mfongo mpaka korongoni. Jackson nimemwambia kwa simu na Mama nimemwambia. Mama hakushangaa, akaniuliza tu nilikuwa nasubiri nini.

Ndani ya bahasha utakuta jani. Ningekuwa nyumbani ningekata sale kwenye mpaka wetu, nikaja nalo mkononi kama mtu mzima anayeomba msamaha, nikasimama mlangoni kwako. Huku hawajui mambo hayo. Nimetafuta mji mzima, nikalikuta limepandwa kama ua tu mbele ya kanisa, nikalikata baada ya ibada wakati watu wanasalimiana. Mlinzi aliniona. Sijui kama linahesabika, maana halijawahi kukaa kwenye mpaka wa mtu. Nimelifunga fundo kama tulivyofundishwa. Likifika limekauka, ujue lilikuwa bichi.

Mdogo wako,
Praygod


Machame, 14 Julai 2024

Mdogo wangu Praygod,

Angalia juu hapo nilipoandika mahali. Ni mara yangu ya kwanza kuandika jina hilo kwenye barua tangu niwe na umri wa miaka ishirini na tano.

Tuko wazima. Baridi ya Julai imeshuka, ukungu unakaa mpaka saa nne, na Violet amegundua kwamba alioa mtu wa mlimani bila kujua, analala na soksi. Anasema nimeandika vibaya, yeye ndiye aliyeolewa. Nimeacha hivyo hivyo. Tulihama tarehe ishirini na tisa na Canter ya Primus, tuko chumba cha nje kwa Mama mpaka nijenge. Saa ya kampuni ipo jikoni. Moshi wa kuni umeitibu, hairuki tena kwenye nne.

Mama alikuwa anajua tangu Februari. Nilipojiandaa kumweleza alinikatiza, akasema, "Mtu anatoka kazini na ovaroli haina hata tone la grisi, mimi nina goti bovu, si macho." Nikamwuliza habari za yale machipukizi aliyoyatupa chini ya mfongo. Akageuza maneno, akasema ng'ombe anataka majani.

Jani lako lilifika limekauka na limevunjika ncha. Nilikaa nalo siku tatu. Najua anayeletewa sale hana ruhusa ya kukataa, hata kama ameuliwa mtoto, lakini hakuna anayesema ajibu siku ile ile. Nilikasirika, Praygod. Nilitembea mpaka korongoni na kurudi nikikutukana kwa sauti, maana mimi sijisikii. Siku ya tatu Mama akalichukua, akaligeuza, akalinusa, akasema limeibwa kanisani lakini ni sale. Basi, limekwisha. Sitalitaja tena mbele yako wala mbele ya watoto.

Aliyebaki ni Baba, na yeye hawezi kuniletea jani. Alimpa yule meneja maziwa, akatikisa kichwa mara nyingi, na moyoni akaniwekea shamba. Miaka thelathini na moja nimetembea kifua mbele kwa ahadi ambayo aliyenipeleka hakuiamini. Nilikosa mazishi ya shangazi kwa sababu ya zamu. Nilikosa wiki ya mwisho ya Baba mwenyewe. Asubuhi namkasirikia, jioni namshukuru, na katikati napalilia.

Jumatano walikuja. Kijana meneja mwenyewe, na gari. Mashine namba mbili inatetemeka na mafundi wao wamebadilisha mkanda mara mbili bure. Nilikwenda. Usinilaumu, miguu ilikwenda yenyewe. Nikaweka kiganja ubavuni, nikahesabu mpaka ishirini, nikawaonyesha beringi ya nyuma. Walipoifungua ilikuwa imeliwa. Wale vijana wakapiga makofi. Meneja akasema mimi ni familia, akanipa mkataba wa miezi mitatu, msimu tu, nisaini Jumatatu. Nikamwambia nitafikiri. Nilidanganya. Mdomo ulikuwa umeshafunguka kusema ndiyo, na naona aibu kukuandikia hivyo. Nilirudi huku nikashindwa kukaa, nikashindwa kusimama.

Kesho ndiyo Jumatatu. Karatasi yao ipo mezani chini ya kikombe, sijaisaini na sijaichana. Huenda nikaenda. Lakini nikienda nitakuwa nakwenda kutoka kwangu, na msimu ukiisha nitarudi kwangu, nao hawatakuwa na geti la kunitolea. Jambo hilo sikuwahi kuwa nalo. Barua yako nimeijibu kwanza.

Migomba yote thelathini na miwili imeshika. Jana nimepanda masale ya mpaka kati yako na mimi, kuanzia korongoni kwenda juu, Mama akiwa amekaa kwenye ndoo akinisahihisha mstari. Amenizuia nisimalize. Anasema mpaka wa ndugu haupandwi na mmoja. Kwa hiyo shimo la mwisho, la juu kabisa karibu na mfongo, nimelichimba mkono mzima mpaka begani na nimeliacha wazi, nimelifunika kwa ubao ndama asivunjike mguu. Desemba ukija, sale la hapo ulipande wewe.

Kaka yako,
Eliakim